Kabla Hujayarudisha Meno Nyuma, Uliza Habari za Mwanya Wako

Msomaji wangu, umewahi kumwona mtu anacheka huku kaziba mdomo kwa kiganja? Mara nyingi meno yake ya juu ya mbele yametokeza. Kwenye picha za harusi anabana midomo, kwenye usaili wa kazi anaongea kwa kujibana. Halafu mwenzi wake anamwambia, "Mbona mimi nakupenda hivyo hivyo, na huo mwanya ndio ulionimaliza!"

Hapo ndipo penye ishu. Kama meno yametokeza na yana nafasi katikati, daktari huzitumia nafasi hizo kuyarudisha nyuma. Yaani meno yakirudi, mwanya nao unaweza kwenda na maji. Zungumzeni mapema, muulizeni daktari kama unaweza kubaki. Ila uamuzi wa mwisho ni wa mwenye mdomo!

Tatizo ni meno au taya?

Kwa kawaida meno ya juu huwa mbele ya yale ya chini kwa milimita 2 hadi 3. Yakizidi sana, chanzo kinaweza kuwa kurithi, kunyonya kidole utotoni, au taya ya chini kuwa fupi. Lakini kama mwanya umejitokeza ukubwani, usishangilie urembo. Huenda ni ugonjwa wa fizi, na huo lazima utibiwe kwanza.

Njia zenyewe

Pleti ya kuvaa na kuvua: Ni ya plastiki yenye waya. Inasukuma meno kwa kuyainamisha tu, hivyo inafaa pale yalipotokeza kidogo na nafasi ipo. Ukiiacha kabatini, haifanyi kazi.

Bresi: Hizi ni vyuma vinavyogandishwa kwenye meno na kuunganishwa kwa waya. Zinasogeza jino pamoja na mzizi wake, takriban milimita 1 kwa mwezi, ndiyo maana wengi hukaa nazo miezi 18 hadi 24. Pasipo na nafasi, daktari anaweza kung'oa meno mawili ya pembeni juu. Kupiga mswaki kunataka uvumilivu, la sivyo zikitolewa utabaki na madoa.

Vifuniko angavu vya plastiki: Vilianza kuvuma baada ya kampuni ya Align Technology kuanzishwa Marekani mwaka 1997. Havionekani kirahisi na unavua wakati wa kula, lakini unatakiwa kuvivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Kama wewe ni mtu wa kusahau, utapoteza hela.

Upasuaji: Tatizo likiwa taya, mtoto anayekua anaweza kusaidiwa na vifaa vya kuongoza taya. Kwa mtu mzima mwenye tofauti kubwa, huenda ikabidi bresi pamoja na upasuaji.

Na wewe uliyeko Msangano?

Tuseme ni mwalimu Msangano, wilayani Momba. Bresi zinataka umwone daktari kila wiki 4 hadi 8. Mabingwa wa kupanga meno nchini ni wachache, na wengi wako miji mikubwa. Ukilazimika kutibiwa Dar es Salaam, kutoka Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 900! Piga hesabu ya nauli, malazi na ruhusa kazini kwa miaka miwili. Vifuniko vinaweza kupunguza safari kwa sababu unaweza kupewa seti kadhaa kwa mpigo, ila havifai kila mdomo, na nidhamu inabaki kwako.

Anzia kwa daktari wa meno wa hospitali ya karibu, akupime na kukuelekeza. Kabla ya kulipa, uliza: Nitang'olewa jino? Waya ukikatika nikiwa kijijini, nani atanisaidia? Gharama ya kifaa cha baada ya matibabu imo?

Kifaa hicho huitwa riteina, na usikidharau. Meno yana tabia ya kurudi yalikotoka, na asiyeivaa anaweza kujikuta mwanzo tena.

Na tafadhali, usifunge meno kwa rababendi kama wanavyodanganyana mitandaoni. Inaweza kuteleza ndani ya fizi na kulegeza jino zima mpaka ling'oke.

Kwako kaka unayempenda huyo dada, acha kumtania mbele za watu. Akiamua kutibiwa, msindikize. Akiamua kubaki alivyo, mwambie acheke bila kiganja.