Bakuli Dogo kwa Mgonjwa wa Saratani

Ndugu Waislamu, mara ngapi tumemsukumia mgonjwa wa saratani sahani iliyojaa, tukamkemea: "Kula upone!" Hali dawa zake zimemgeuzia ladha, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa humtia kichefuchefu. Hula huku akilengwa na machozi.

Bibi Aisha (r.a.) akiagiza mgonjwa na mfiwa wapewe talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba huutuliza moyo. Talbina haichukui nafasi ya tiba ya hospitali. Inatufunza adabu: chakula laini, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, kisiwe cha moto sana ili harufu isimsumbue, na mtu wa kuketi naye. Akisema imetosha, tuseme alhamdulillahi, tusiondoke.