Ittoqqortoormiit na Watu Wake Wanaopungua

Katika pwani ya mashariki ya Greenland, kupita nyuzi 70 za kaskazini, penye mlango wa hori la Scoresbysund, kipo kijiji kiitwacho Ittoqqortoormiit, chenye nyumba za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, buluu na manjano, na wakazi wasiotimia mia nne, ambao jirani zao wa karibu, watu wa upande wa Tasiilaq, wako mbali nao masafa ya kilometa 800 hivi, wala hapana njia ya nchi kavu iwaunganishayo.

Kijiji hiki hakikuzuka chenyewe. Mwaka 1924 Mdenmaki Ejnar Mikkelsen alifika huko na marikebu akajenga nyumba za kwanza, na mwaka wa pili zikaletwa jamaa za Wainuiti, watu wapatao 80, wengi wao kutoka Ammassalik, upande huo huo wa Tasiilaq, ambako watu walikuwa wamezidi na mawindo yamekuwa haba. Lakini haja ya riziki haikuwa sababu pekee: Norway ilikuwa ikiidai pwani ile, na Denmark ilitaka ardhi ionekane kuwa ina wenyewe, shauri ambalo mahakama ya kimataifa mjini The Hague ililikata mwaka 1933 kwa kuipa Denmark haki.

Maisha ya huko ni mazito. Bahari hufungwa na barafu kadiri ya miezi tisa, na marikebu za shehena huja mara moja au mbili tu kwa mwaka, wakati wa kiangazi; tangu mwishoni mwa Novemba hata katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Wawindaji hutoka kwa sleji zikokotwazo na mbwa kutafuta sili, dubu weupe na nyangumi wenye pembe, na maarifa yao ya kupambanua barafu ya kukanyagwa na barafu ya kuangamiza, yaliyorithiwa baba kwa mwana, hayasomeshwi katika chuo chochote; yakipotea, hapana atakayeyarudisha.

Na hatari ya kupotea ipo. Hesabu ya watu, iliyopita 500 mnamo mwaka 2006, imeshuka sana. Vijana watakao elimu ya juu ya sekondari hawana budi kuhamia miji ya mbali, na wengi hawarudi. Riziki ya uwindaji nayo imebana: dubu huwindwa kwa mgao. Ngozi za sili zilikosa soko, hasa baada ya katazo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2009. Na barafu yenyewe, kwa ajili ya joto la dunia, haiaminiki tena kama zamani.

Wapo wasemao kwamba kijiji cha gharama namna hii kiachwe kife. Kauli hiyo ni dhuluma: wazee wa watu hawa walipelekwa kule kwa maslahi ya dola, na dola iliyonufaika kwa kukaa kwao ina deni la shule, tiba na nauli nafuu kwa wajukuu wao, maadamu wenyewe wataka kubaki.