Ngurumo Ikisikika, Tusikimbilie Mti

Mvua ikitukuta shambani, wengi wetu hukimbilia chini ya mti. Hapo ndipo penye hatari. Radi ni umeme utokao mawinguni. Mara nyingi hupiga kitu kirefu, hasa kikiwa peke yake. Ikipiga mti, umeme huweza kumrukia aliye karibu, au kupita ardhini ukampata miguuni.

Basi tufanyeje?

Tukisikia ngurumo tu, tuache kazi. Tuweke jembe chini. Aliye mtoni atoke majini. Kibanda cha shambani hakizuii radi. Twende kwenye nyumba imara. Humo ndani tusiguse waya wala mabomba, tena tukae mbali na kuta. Tusitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Shule nazo zinahitaji kinga. Oktoba 2018, huko Geita, radi iliua wanafunzi 6 shuleni. Kamati za shule zimtafute fundi mwenye ujuzi, afunge vyuma vya kukinga radi.

Je, mtu akipigwa? Wengine huogopa kumgusa. Ati ana umeme, au karogwa. Si kweli! Mwili wake hauna umeme. Kama hapumui, mlaze chali. Weka viganja katikati ya kifua, ubonyeze kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mkichoka, mpokezane, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Usiache mpaka apumue au mganga afike.

Tukimwogopa, atakufa mbele ya macho yetu. Tukimshika, huenda akapona.