Je, Wajua? Ini Likiugua, Mapafu Nayo Yana Neno

Kuna wagonjwa wanaopumua vizuri wakilala kuliko wakisimama
Mwenye shida ya kifua kwa kawaida huomba ainuliwe, aegemezwe mito. Lakini baadhi ya wagonjwa wa ini hutweta wakisimama na kupata nafuu wakijilaza! Ini lenye makovu huweza kufanya mishipa midogo ya mapafu itanuke, hasa upande wa chini wa mapafu, na mtu akisimama damu nyingi hukimbilia hukohuko. Ndiyo maana daktari hodari hupima oksijeni mara mbili: mgonjwa akiwa amelala, kisha akiwa wima.

Mshipa wa mapafu unaweza kupanuka kushinda unene wa unywele
Mishipa hiyo kwa kawaida ina upana wa maikromita 8 hadi 15, nafasi ya kutosha seli nyekundu kupita karibu mojamoja. Ikitanuka huweza kupita maikromita 100. Damu hupita kwa kasi, oksijeni isiwahi kuzifikia seli zilizo katikati.

Viputo vya hewa hufichua siri hiyo
Maji ya chumvi hutikiswa mpaka yatoe viputo vidogo, yakadungwa kwenye mshipa wa mkono huku moyo ukitazamwa kwa mawimbi ya sauti. Mapafu mazima hunasa viputo vyote. Vikitokeza upande wa kushoto wa moyo baada ya mapigo matatu au zaidi, mishipa ya mapafu imetanuka. Vikiwahi kabla ya hapo, huenda moyo wenyewe una tundu. Kipimo rahisi, akili nyingi!

Alama za ini zinaweza kuficha hatari
Tangu 2002, Marekani hupanga foleni ya kupandikizwa ini kwa alama ziitwazo MELD, kuanzia 6 hadi 40, zinazokokotolewa hasa kutokana na vipimo vya damu. Mapafu hayamo kabisa kwenye hesabu hiyo! Mtu mwenye alama chache anaweza kuwa hoi kwa kukosa oksijeni, kwani hali ya ini na hali ya mapafu haziendi sambamba. Kwa hiyo anayeshuka chini ya 60 mmHg za oksijeni kwenye damu (mwenye afya ana kati ya 80 na 100) huweza kuombewa alama za nyongeza. Ni haki yake: katika utafiti wa Mayo Clinic wa 2005, waliokuwa hai baada ya miaka 5 bila kupandikizwa walikuwa asilimia 23 tu, kwa waliopandikizwa, asilimia 76.

Ini jipya huponya mapafu ya zamani
Hapa ndipo ninaposhangaa zaidi. Mapafu hayaguswi, lakini kwa wagonjwa wengi oksijeni hurejea ndani ya mwaka mmoja hivi.

Ini hilohilo huweza kuleta kinyume chake
Kwa wengine mishipa ya mapafu hukaza badala ya kutanuka, na shinikizo hupanda. Wastani wake ukifika 50 mmHg, upasuaji huwa hatari mno, hivyo dawa za kulishusha hutangulia.