Kozi za Bure Mtandaoni: Wengi Hujiandikisha, Wachache Humaliza

Mwaka 2011, wahadhiri Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua somo la Akili Mnemba la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa mtu yeyote mwenye intaneti, bila ada. Walijiandikisha zaidi ya watu 160,000 kutoka nchi zaidi ya 190. Mwaka 2012 zikaanzishwa Coursera na edX, ya pili ikiwa ni ubia wa Chuo Kikuu cha Harvard na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT).

Utaratibu huu unawezekana kwa sababu mhadhara hurekodiwa mara moja na mazoezi mengi husahihishwa na kompyuta. Hivyo, kumwongeza mwanafunzi mmoja hakuongezi gharama kubwa. Mtumishi, mkulima au kijana asiye na ajira anaweza kujifunza uhasibu au lugha kwa muda anaoupata, pasipo kuhama makazi wala kuacha kazi.

Hata hivyo, kujiandikisha si kuhitimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science kuhusu kozi za Harvard na MIT ulibaini kuwa katika mwaka wa masomo 2017/18 ni takriban asilimia 3 tu ya waliojiandikisha waliomaliza. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Tofauti hiyo inaonesha kuwa wengi huingia kuangalia tu, huku wenye lengo mahsusi wakiendelea. Utafiti huo ulibaini pia kuwa wanafunzi wengi walitoka katika nchi zilizoendelea, kinyume cha matarajio ya awali kwamba kozi hizo zingewafikia zaidi walio pembezoni.

Neno "bure" nalo linahitaji ufafanuzi. Katika kozi nyingi, kusoma ndiko kusikolipiwa; cheti, na wakati mwingine mitihani, hulipiwa. Mwanafunzi hugharamia pia kifurushi cha intaneti, na video hutumia data nyingi. Aidha, sehemu kubwa ya kozi hizo hufundishwa kwa Kiingereza.

Jambo la msingi kwa mwananchi ni kutambua kuwa cheti cha kumaliza kozi fupi si shahada, hata kikiwa na nembo ya chuo kikuu mashuhuri. Nchini Tanzania, utambuzi wa tuzo za vyuo vikuu vya nje ni jukumu la Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Anayehitaji shahada bila kuacha kazi anaweza kuomba nafasi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kutoa elimu kwa njia ya masafa.

Kabla ya kulipa, ni vyema mwombaji asome bila malipo masomo ya wiki ya kwanza, apime gharama ya intaneti hadi mwisho wa kozi, na amuulize mwajiri wake iwapo cheti hicho kitatambuliwa.