Mgawo wa Nafasi Ukiondolewa, Nani Atalinda Mlango?

Wazee walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hiyo yafaa kukumbukwa sasa, maana Burundi imejiwekea swali zito la kupima: je, mgawo wa nafasi za uongozi na utumishi baina ya Wahutu, Watutsi na Watwa uendelee, au ukomeshwe? Katiba ya mwaka 2018, katika kifungu chake cha 289, iliipa Seneti muda wa miaka mitano kuupima mgawo huo katika Serikali, Bunge na Mahakama, kisha ukomeshwe ama uendelezwe. Tarehe 31 Julai 2023 Seneti ilizindua rasmi kazi ya tathmini.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba shauri hili ni la maseneta peke yao. Lamhusu kijana wa Buyenzi au Kamenge anayejiandaa kwa mtihani wa kuingia jeshini. Lamhusu polisi aliyesimama zamu njia panda, na lamhusu mama anayemngoja mumewe arejee salama kutoka kambini. Hapana shaka kwamba ni katika jeshi na polisi ndipo mgawo huu ulipoonekana zaidi kwa macho, na ndipo makosa yake au mafanikio yake yanapolipwa kwa damu au kwa amani.

TULIKOTOKA

Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Miaka mitatu tu baadaye, mwezi Oktoba 1965, palitokea jaribio la mapinduzi, na baada yake viongozi na askari wengi wa Kihutu waliuawa. Mwaka 1972 yakaja mauaji makubwa zaidi, yaliyowafagia Wahutu waliosoma: walimu, wanafunzi, watumishi wa Serikali na askari. Kwa miaka mingi iliyofuata jeshi lilikuwa kwa sehemu kubwa sana la Watutsi. Hata pale palipokuwa na mitihani, mzazi wa Kihutu aliona afadhali mwanawe asijaribu.

Mwezi Juni 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kuwa Rais kwa kura za wananchi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo aliuawa na askari. Watutsi wengi wakauawa vilimani, Wahutu wengi wakauawa katika kulipizana kisasi, na vita vikaanza. Hivyo kila upande ulikuwa na hofu yake: Mhutu aliogopa kambi ya jeshi, naye Mtutsi aliogopa sanduku la kura.

Mapatano ya Arusha yalitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na Mwalimu Julius Nyerere hadi alipofariki mwaka 1999, kisha na Nelson Mandela. Mapatano hayo yalizitazama hofu zote mbili. Katiba iliyopigiwa kura mwezi Februari 2005 ikayageuza kuwa sheria: katika Serikali na katika Bunge, Wahutu 60 kwa mia na Watutsi 40 kwa mia, Watwa watatu waingizwe Bungeni na watatu katika Seneti, na wanawake wasipungue 30 kwa mia. Katiba ya mwaka 2018 ikayahifadhi hayo na kuuingiza mgawo katika Mahakama.

Kuhusu vyombo vya ulinzi na usalama, kanuni ilikuwa fupi: kabila moja lisizidi nusu ya askari. Muda wa kanuni hiyo umeachwa uamuliwe na Seneti, na Katiba yenyewe imetaja sababu zake, yaani kuweka uwiano, kuzuia mauaji ya kimbari na kuzuia mapinduzi.

KAMBINI PALIBADILIKA NINI?

Jeshi la Ulinzi wa Taifa na Polisi ya Taifa viliundwa upya kwa sheria za mwishoni mwa mwaka 2004. Askari wa jeshi la zamani na wapiganaji waliotoka msituni, watu waliokuwa wakiviziana kwa bunduki mwaka mmoja kabla, wakapangwa katika kombania moja, wakala chungu kimoja na kulala bweni moja. Mwezi Desemba 2007 wanajeshi wa Burundi walianza kuwasili Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Huko Mogadishu hakuna aliyemwuliza mwenzake babu yake alikuwa nani. Kila mmoja alitazama kama mwenzake analinda ubavu wake.

Mtihani mkubwa ulikuja tarehe 13 Mei 2015, lilipotokea jaribio la mapinduzi. Jenerali aliyeliongoza, Godefroid Niyombare, alikuwa Mhutu aliyetoka katika chama kilekile cha wapiganaji alichotoka Rais Pierre Nkurunziza. Jeshi liligawanyika, lakini halikugawanyika Wahutu upande huu na Watutsi upande ule kama ilivyoogopwa. Wengi walioichunguza nchi waliona hapo tunda la Arusha. Hata hivyo, ni wajibu kusema pia kwamba miaka iliyofuata wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walieleza kuwa askari na maofisa waliotoka katika jeshi la zamani walikuwa miongoni mwa waliokamatwa na kuuawa. Mgawo ulijenga nyumba. Haukuweza peke yake kuzuia moto.

HOJA ZA WANAOTAKA UKOME

Wanaotaka mgawo ukomeshwe si watu wa kubezwa. Wanauliza: mtoto aliyezaliwa mwaka 2005, kwa nini ahesabiwe kwa kabila anapoomba kazi? Je, kuhesabu hakuendelezi kule kutengana tunakotaka kusahau? Tena jirani yetu Rwanda ni ushahidi mchungu. Huko, chini ya Rais Habyarimana, nafasi za shule na kazi ziligawanywa kwa makabila, na kabila likaandikwa katika kitambulisho cha kila mtu. Mwaka 1994 kitambulisho hicho kikawa hati ya kifo penye vizuizi vya barabarani. Baada ya mauaji ya kimbari Rwanda ilifuta kabila katika vitambulisho.

Kwa Burundi yenyewe, mwezi Oktoba 2018 mashirika ya kigeni yasiyo ya Serikali yalisimamishwa kwa miezi mitatu, na mojawapo ya masharti ya kufunguliwa lilikuwa kufuata mgawo wa makabila kwa wafanyakazi wao. Mengine yalikubali, mengine yakafunga kazi kuliko kuwauliza watu wao makabila yao. Aidha, katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kilipata viti vyote 100 vilivyogombewa Bungeni. Chama kimoja kinaweza kuitimiza hesabu yote ya makabila, na bado swali likabaki: je, wale wachache wana sauti, au wana viti tu?

Hoja hizo ni za kweli. Lakini zinaonyesha kwamba mgawo una kasoro. Hazijaonyesha kwamba bila mgawo mlango utabaki wazi.

MLANGO USIPOLINDWA

Mfano wa karibu tunao hapahapa. Katika Serikali, Bunge na Seneti, ambako sheria iliweka 30 kwa mia kwa wanawake, kiwango hicho kilifikiwa. Katika mabaraza ya vilima, ambako watu walichaguana bila kiwango chochote, wanawake walibaki chini sana ya hapo. Wanawake ni walewale, nchi ni ileile na wapigaji kura ni walewale. Kilichotofautiana ni kanuni tu. Mama anayesoma ukurasa huu hahitaji profesa wa kumfafanulia jambo hilo.

Mfano wa mbali twaupata Marekani. Mwezi Novemba 1996 wananchi wa jimbo la California walipiga kura ya kukomesha upendeleo wa makusudi kwa misingi ya rangi au jinsia katika ajira, elimu na zabuni za umma. Mwaka 1998, katika Chuo Kikuu cha Berkeley, idadi ya vijana weusi na ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliokubaliwa ilipungua kwa zaidi ya nusu. Chuo hakikukaa kimya. Kilijaribu njia nyingine, kama kuzisaidia shule za watu maskini. Mwaka 2022 vyuo vikuu vya jimbo hilo viliieleza Mahakama Kuu kwamba vilikuwa vimetumia zaidi ya dola nusu bilioni katika juhudi hizo, na bado pengo halikuzibika lote.

Mahakama hiyo ilikomesha upendeleo wa rangi katika kuwapokea wanafunzi wa vyuo tarehe 29 Juni 2023. Lakini hapa askari asikilize vizuri: katika hukumu ile majaji waliviacha kando vyuo vya kijeshi, bila kuviamulia. Maofisa wastaafu walikuwa wamewakumbusha kwamba wakati wa vita vya Vietnam jeshi lenye maofisa karibu wote Wazungu, likiwaamuru askari wengi weusi, lilikumbwa na ugomvi wa ndani uliodhoofisha nidhamu. Mwaka 2025 Serikali mpya ya Marekani iliviamuru vyuo hivyo navyo viache. Nchi tajiri yaweza kujaribu na kurudi nyuma. Nchi iliyozika watu wake kwa malaki haina nafasi nyingi za kujaribu.

LA KUFANYA KWANZA

Mgawo si dini, wala haukuwekwa udumu milele. Ni kama gango lililofungwa kwenye mguu uliovunjika. Lakini mganga mwenye busara halifungui gango kwa sababu siku zimetimia. Hulifungua baada ya kuushika mguu na kuona kwamba mfupa umeunga. Basi kabla ya kulifungua, hatuna budi kuyaona mambo machache kwa macho.

Kwanza, mtihani wa kuingia jeshini, polisi na katika utumishi uwe wa wazi, matokeo yabandikwe, na anayeshindwa ajue ameshindwa kwa alama ngapi. Pili, mwenye malalamiko awe na mahali pa kuyapeleka pasipo hofu, na apewe jibu kwa maandishi. Tatu, hata mgawo ukiisha, kuhesabu kusiishe. Kwa maana asiyehesabu hawezi kujua kama mlango umefungwa. Nne, Watwa wasisahauliwe. Wao ni wachache mno hata hawawezi kujipatia kiti kwa kura zao peke yao. Kwao, kuondoa nafasi zilizotengwa huenda kukawa ni kuwaondoa kabisa katika ukumbi wa Taifa.

Lipo na jukumu la nyumbani. Mtoto hajifunzi kuogopa kabila la mwenzake kutoka kwenye Katiba. Hujifunza jikoni, kwenye maneno yanayosemwa wageni wakishaondoka. Baba askari aliyepigana bega kwa bega na mwenzake wa kabila jingine ana hadithi ambayo hakuna seneta anayeweza kuitungia sheria. Aisimulie mbele ya wanawe. Siku Seneti itakapouliza kama mfupa umeunga, jibu la kweli litatoka katika nyumba hizo.