Anita Roddick, mama aliyeuza nusu ya duka lake

Juma hili tunawaletea habari ya mama mmoja wa Uingereza, Anita Roddick, aliyeanzisha maduka ya The Body Shop. Tumemchagua kwa sababu hakuanza na mali. Alianza kwa kutafuta chakula cha watoto.

Anita alizaliwa mwaka wa 1942 huko Littlehampton, mji mdogo wa pwani, kusini mwa Uingereza. Wazazi wake walitoka Italia, na mama yake aliendesha mkahawa. Ilikuwa miaka ya vita, na wamama hawakutupa kitu: chupa, karatasi, nguo, vyote vilitumiwa tena. Mtoto aliona, akashika.

Alisomea ualimu, akaolewa na Gordon, wakapata wasichana wawili. Mwaka wa 1976 Gordon aliamua kusafiri kwa farasi kutoka Buenos Aires hadi New York, safari ya miezi mingi. Anita angebaki peke yake na watoto. Basi akawaza duka dogo la mafuta ya ngozi na dawa za kuoshea nywele.

Alikwenda banki kuomba mkopo akiwa na watoto wake, amevaa jinzi na tisheti. Wakamkatalia. Akarudi na bwana yake, wote wawili wamevaa suti, hesabu zimepangwa vizuri kwenye karatasi. Safari hii wakapewa pauni 4,000. Wazo la duka lilikuwa lile lile!

Duka lilifunguliwa Brighton mwezi wa tatu 1976. Kuta zilikuwa na unyevu, akazipaka rangi ya kijani kibichi ili kuuficha. Alinunua chupa za bei ya chini kabisa, zile za kupimia mkojo hospitalini. Kwa kuwa hazikutosha, aliwaomba wateja warudishe chupa tupu, awajazie tena. Majina ya bidhaa aliyaandika kwa mkono. Mambo hayo yaliyotokana na ukosefu wa feza ndiyo watu waliyoyapenda.

Miezi michache tu baadaye alitaka duka la pili. Banki ikakataa tena, na Gordon alikuwa mbali. Mwanamume mmoja mwenye gereji, Ian McGlinn, akampa pauni 4,000. Lakini haukuwa mkopo: kwa feza hiyo alipata nusu ya kampuni nzima.

Kampuni ikakua. Mwaka wa 1984 hisa zake zilianza kuuzwa kwa watu wote katika soko la London. Anita alipinga kujaribu vipodozi juu ya wanyama, na kampuni yake ikanunua mafuta ya karite moja kwa moja kutoka kwa vikundi vya wamama wa kaskazini mwa Ghana. Mwaka wa 2006, kampuni ikiwa na maduka zaidi ya 2,000, iliuzwa kwa L'Oréal ya Ufaransa kwa pauni milioni 652. Wengi walimlaumu Anita kwa mauzo hayo. Naye yule mwenye gereji akapata mamilioni mengi. Anita alifariki mwaka wa 2007, akiwa na miaka 64.

Je, Anita alikosea kugawa nusu? Hatusemi hivyo. Bila feza ile, duka la pili lingechelewa, au lisingekuwapo. Lakini tuitazame bei yake. Deni hulipwa, likaisha. Nusu ya duka ikishatoka mkononi, kila faida inagawanywa, mwaka kwa mwaka.

Nasi tunajua mlango wa banki unavyokuwa mzito. Hapa Kongo, sheria ya familia ya mwaka wa 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana kwa kila tendo la kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka wa 2016. Wamama wengi bado hawajalisikia, tuambiane.

Na mtu akija na feza kwa ajili ya kazi yako, muulize kwanza: unanikopesha, au unanunua sehemu? Jibu liandikwe, lisomwe mbele ya mashahidi. Ukiona anataka sehemu kubwa mno, leta shauri kwenye likelemba kabla ya kutia sahihi. Wamama ishirini wakichanga kidogo kidogo, huenda nusu ya duka lako ikabaki kwako.